Msimbo Unaojua Kusubiri

Mvuvi wa dema hakai juu ya dema lake. Analishusha kando ya mwamba, analifungia boya, kisha anapiga kasia kwenda kushusha la pili na la tatu mpaka la kumi. Samaki wataingia yeye akiwa kwingine. Mikono ni miwili na ngalawa ni moja, lakini bahari inamfanyia kazi mahali kumi kwa wakati mmoja. Kinachomtofautisha mvuvi hodari na mgeni wa bahari si nguvu za kupiga kasia. Ni kujua madema yake yako wapi, lipi limekaa vya kutosha, na mangapi ataweza kuyaopoa kabla maji hayajajaa.

Programu ya asinkroni hufanya kazi vivyo hivyo. Uzi wa utekelezaji ni mmoja. Unatuma ombi kwenye seva, hauketi kungoja jibu, unashika kazi nyingine, na jibu likifika unarudi pale ulipoachia. Anayepanga zamu hizo ni mzunguko wa matukio. Mwaka 1999 Dan Kegel aliandika juu ya tatizo la seva moja kuhudumia wateja 10,000 kwa pamoja, na Node.js ya Ryan Dahl, iliyotoka 2009, ilijengwa yote juu ya wazo la kutomsubiri mtu mmoja huku wengine wamepanga foleni. Maneno mawili ya kuandikia kusubiri kwa namna hii, async na await, yaliingia C# mwaka 2012, Python mwaka 2015 na JavaScript mwaka 2017. Leo kila anayejifunza programu hukutana nayo mapema. Ugumu uko kwenye kutofautisha msimbo wa namna hii ulioandikwa vizuri na ule ulioandikwa vibaya, maana siku ya maonyesho yote miwili hutoa majibu sahihi.

Wengi huupima kwa kasi. Mimi huupima kwa kusubiri: unasubiri wapi, unamsubirisha nani, mpaka lini, na ni nani atakayerudi kuopoa. Nitaeleza kwa Python, kwa kuwa ndiyo ninayoishika kila siku.

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi Dar es Salaam aliniletea programu yake ya kukusanya bei za mazao kutoka kurasa 200. Kila ukurasa hujibu kwa takriban nusu sekunde, kwa hiyo ukizichukua mmoja baada ya mwingine ni sekunde 100. "Kaka, nimeigeuza iwe async," aliniambia, "lakini haijapungua hata sekunde moja." Nikaifungua:

async def kusanya(anwani):
    for a in anwani:
        jibu = requests.get(a)
        hifadhi(jibu)

Kuvaa kanzu si kuwa shehe. Kitendakazi kimeandikwa async def, lakini ndani yake hakuna await hata moja, na requests ni maktaba inayozuia: ikishatuma ombi, uzi mzima husimama mpaka jibu lirudi. Mvuvi ameshusha dema akakaa juu yake. Tena hajicheleweshi peke yake, kwa sababu uzi ni mmoja na kila kazi nyingine iliyomo katika programu hiyo imesimama pamoja naye. Kwenye seva inayohudumia watu, kosa la mstari mmoja kama huu humgandisha hata mteja ambaye hakuomba chochote kizito.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolitafuta ni kizuizi kilichojificha. Kinaweza kuwa time.sleep iliyosahaulika, picha inayopunguzwa ukubwa, nenosiri linalohakikiwa kwa bcrypt, ambayo imeundwa makusudi iwe nzito, au maktaba ya hifadhidata ya zamani. Jicho likichoka, kuna msaada: washa PYTHONASYNCIODEBUG=1, na kila hatua inayoshika uzi zaidi ya milisekunde 100 itaripotiwa. Mwandishi mzuri huwa ameshazihamisha kazi hizo pembeni kwa asyncio.to_thread, iliyokuja na Python 3.9, na kama ni hesabu nzito hasa, amezipa mchakato wake wenyewe. Ukikuta amefanya hivyo bila kuambiwa, jua uko mbele ya mtu anayeielewa kazi.

Toleo la pili la kijana lilitumia aiohttp, na await ilikuwa mahali pake:

    for a in anwani:
        jibu = await leta(a)

Bado sekunde 100. Safari hii hazuii wengine, lakini maombi yake mwenyewe bado yanakwenda moja moja, kwa kuwa la pili halitumwi mpaka la kwanza lijibiwe. Sisemi kwamba await ndani ya for ni kosa. Iwapo ukurasa wa pili unahitaji namba iliyotolewa na wa kwanza, huo ndio utaratibu wenyewe, na kuuvunja ni kuharibu. Swali la mkaguzi ni moja tu: je, hili linahitaji kitu kutoka kwa lile? Hapa hakuna ukurasa uliokuwa unahitaji kitu kwa mwenzake.

Toleo la tatu likawa kinyume kabisa. Aliyarusha maombi yote kwa mpigo, programu ikamaliza kwa sekunde moja na kitu, naye akafurahi mpaka aliposoma majibu: mengi yalikuwa 429, yaani seva inasema maombi yamezidi. Maktaba ya aiohttp yenyewe huweka kikomo cha miunganisho 100 kwa pamoja, lakini 100 ni nyingi mno kwa seva ndogo ya watu. Msimbo mzuri hutaja kikomo chake waziwazi, kwa mfano asyncio.Semaphore(10), na pembeni kuna neno la kueleza kwa nini ni 10. Maombi kumi kwa pamoja, nusu sekunde kila awamu, kurasa 200: sekunde 10. Ni mara kumi ya kasi ya mwanzo, na mwenye seva hakuumia. Msimbo usio na kikomo popote siupitishi, hata kama kasi yake inapendeza.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu halionekani. Wavuvi wanaijua habari ya dema lililokatika boya. Liko chini, hakuna anayelikumbuka, na linaendelea kunasa. Samaki huingia, wakafia humo, wakawa chambo cha wengine. Katika programu, dema hilo ni kazi iliyoanzishwa kwa asyncio.create_task na matokeo yake hayakushikwa na mtu. Ikishindwa, kosa lake halimfikii aliyeianzisha. Kinachobaki ni onyo kwamba kosa la kazi fulani halikuchukuliwa, na onyo hilo huenda likaja baada ya muda mrefu. Kuna baya zaidi: mzunguko wa matukio hauishiki kazi kwa nguvu, kwa hiyo kazi isiyoshikwa na kigeu chochote inaweza kufagiliwa na Python ikiwa katikati ya shughuli. Maelezo rasmi ya lugha yanaonya juu ya hili, na bado nalikuta karibu kila mwezi. Nimewahi kutafuta siku mbili kwa nini risiti baadhi hazitumwi kwa wateja. Hakukuwa na kosa lililoandikwa popote. Kulikuwa na create_task moja, mstari mtupu, bila jina mbele yake.

Mwaka 2018 Nathaniel J. Smith, mwandishi wa maktaba ya Trio, alitoa makala akidai kwamba kuanzisha kazi na kuiacha iende zake ni sawa na goto ya zamani: msomaji hawezi tena kujua programu iko wapi. Alitaka kila kazi izaliwe ndani ya uzio, na uzio usifungwe mpaka kazi zote zilizomo ziishe. Nakubaliana naye moja kwa moja. Python ililipokea wazo hilo katika toleo la 3.11, mwaka 2022:

async with asyncio.TaskGroup() as kundi:
    for a in anwani:
        kundi.create_task(leta(a))

Ukiusoma mstari unaofuata baada ya uzio huo, una hakika kwamba hakuna dema lililobaki baharini. Kazi moja ikishindwa, zilizobaki husitishwa na makosa hukusanywa pamoja. Njia ya zamani, asyncio.gather, kwa kawaida yake hukupa kosa la kwanza na kuziacha nyingine zikiendelea chini kwa chini. Inafaa mahali pake, lakini nikiona gather kwenye msimbo mpya huuliza kwanza nini hutokea kazi ya tatu ikianguka. Mwandishi akisitasita, nimeshapata jibu.

Kusitishwa nako kuna adabu yake. Kazi inayosimamishwa hupewa kosa la CancelledError, ili ifunge ilichofungua kisha iondoke. Tangu Python 3.8 kosa hilo halinaswi na except Exception, lakini except tupu bado hulimeza, na kazi ikaendelea kama vile haikuambiwa kitu. Except tupu ndani ya msimbo wa asinkroni ni alama mbaya. Finally inayofunga muunganisho ni alama nzuri.

Kuna kosa ambalo hata walimu hulipita. Husemwa kwamba uzi ukiwa mmoja, kazi haziwezi kugongana. Tazama mistari hii:

salio = await soma_salio(mteja)
await andika_salio(mteja, salio - 500)

Kazi mbili za mteja mmoja zinaingia pamoja. Ya kwanza inasoma 10,000, inafika kwenye await, inatoa nafasi. Ya pili nayo inasoma 10,000. Zote mbili zinaandika 9,500. Mteja ametoa shilingi 1,000 na daftari linasema ametoa 500. Kila await ni mlango: ukitoka na kurudi, usidhani vitu viko ulivyoviacha. Mkaguzi mzuri huweka kidole kwenye kila await na kujiuliza ni kipi kilichosomwa kabla yake na kutumiwa baada yake. Asyncio.Lock husaidia ndani ya mchakato mmoja tu. Seva zikiwa mbili, hifadhidata yenyewe ndiyo ipunguze salio kwa hatua moja isiyogawanyika.

Ukomo wa muda nao haukwepeki. Kila ombi linalotoka nje liwe na ukomo wake, na asyncio.timeout huuweka kwa mstari mmoja. Lakini kwenye fedha, muda kwisha hakuna maana kwamba malipo hayakufanyika. Katika Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, ombi la kumtaka mteja aweke PIN hujibiwa papo hapo kwamba limepokewa, na matokeo huja baadaye kwenye anwani uliyoitoa. Anayerudia ombi kwa sababu tu amechoka kungoja anaweza kumtoza mtu mara mbili. Msimbo bora huhifadhi namba ya ombi, huuliza hali yake, ndipo huamua.

Na kama programu inachukua kurasa tatu mara moja kwa siku, iache iwe ya kawaida. Async huongeza mambo ya kuangalia, na kusubiri kwa sekunde moja na nusu usiku wa manane hakumdhuru mtu. Nimewahi kumsifu mwandishi kwa kuifuta.

Kipimo changu cha mwisho hakihitaji kusoma. Naiendesha programu, nakata intaneti ikiwa katikati, nangoja, naiunganisha tena. Kisha naiendesha upya na kubonyeza Ctrl+C ikiwa mbioni. Nyingi hugoma kufa, au hufa na kuacha faili nusu.

Toleo la nne la kijana lilikuwa na TaskGroup, kikomo cha 10, na ukomo wa sekunde 5 kwa kila ukurasa, kosa la ukurasa mmoja likishikwa palepale ili lisiwaangushe wenzake. Lilichukua sekunde 15. Kurasa mbili hazikujibu, na zote mbili ziliandikwa kwenye orodha kwa anwani zake, tayari kurudiwa. Nilipobonyeza Ctrl+C lilifunga miunganisho, likahifadhi kurasa 83 lilizokwisha kupata, likatoka. Nikalipitisha.