Safari Ndefu na Upweke wa Msimulizi

Mwaka 1896 Salim bin Abakari alimfuata bwana wake Mjerumani hata Urusi na Siberia. Masimulizi yake yalitoka mwaka 1901 katika kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Ubora wake watokana na upweke: aliyetengwa na watu wa kwao hutazama sana, apate la kuwasimulia.

Upweke huo ungalipo Tunduma, hata penye simu. Madereva wa malori waliotoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, hungoja zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, wakilala garini. Maneno yao husomwa nyuma ya malori tu. Kauli hizo zapendeza. Lakini kauli si safari, nayo safari yao yastahili kitabu kama cha Salim.