Usitazame Anga, Tazama Kamba

Wiki iliyopita nilisimama kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Mombasa, mbele ya picha ndefu ya Bandari ya Kale, upana wake hatua nne za mtu mzima. Wageni waliisifu mpaka wakachoka: anga safi, maji hayana mshono, Nyali ng'ambo imetulia. Mwenye kazi akaeleza kwamba ameunga picha kumi na nane alizopiga kwa mkono, bila tripodi, wakampigia makofi. Mimi macho yalikuwa yamenasa chini kushoto, kwenye kamba ya jahazi. Ilitoka kwenye nguzo ikiwa moja, ikafika majini ikiwa mbili. Nguzo yenyewe ilikuwa imeteguka bega. Hakuna aliyeona, na nilirudi nyumbani na hasira ambayo haijaisha. Naandika ili siku nyingine walau mmoja aone.

Kosa la mtazamaji ni kuanza na anga. Anga ni kazi rahisi. Tangu Peter Burt na Edward Adelson walipochapisha mwaka 1983 njia yao ya kuchanganya picha mbili tabaka kwa tabaka, rangi pana zikiyeyushwa kwa upana na vitu vidogo vikishonwa kwa wembamba, programu yoyote inaweza kuuzika mshono ndani ya buluu. Mbali nako ni rahisi. Mwaka 2003 Matthew Brown na David Lowe walionyesha kwamba kompyuta inaweza kumwagiwa rundo la picha bila mpangilio, ikatambua yenyewe ipi jirani ya ipi kwa kulinganisha alama ndogo ndogo, ikazitupa zile zinazodanganya. Leo kazi hiyo inafanywa na simu iliyomo mfukoni. Kwa hiyo ukimsifu mtu kwa anga na ng'ambo, umemsifu fundi cherehani kwa kitambaa alichokinunua dukani.

Kazi iko karibu. Iko mita mbili kutoka miguuni pa mpiga picha, na hapo ndipo asiyejua hatazami kamwe.

Simama, shika kamera usoni, kisha geuka kama anavyogeuka kila mtu, kwa kiuno na miguu. Lenzi yako haikugeuka mahali pamoja, ilisafiri. Ilichora tao mbele ya uso wako, na kila fremu ikapigwa kutoka kituo chake. Nyali haina habari na safari hiyo, kwa sababu iko mbali mno. Kamba iliyo mbele yako inayo habari yote. Nyanyua kidole, fumba jicho moja, kisha ulifumbue na ufumbe la pili: kidole kinaruka, ukuta wa nyuma umetulia. Ndivyo inavyoruka kamba kati ya fremu na fremu. Hesabu haiwezi kukuokoa. Jozi nne za alama zinatosha kuilaza picha moja juu ya nyenzake, lakini kwa sharti kwamba lenzi iligeuka papo hapo, au kilichopigwa ni bapa kama ukuta. Sharti likivunjwa, programu inabaki na uamuzi mmoja: ioanishe kamba au ioanishe Nyali. Inachagua Nyali, kwa sababu huko ndiko kwenye alama nyingi, kisha kamba inafunikwa kwa ukungu. Ukungu huo ndio tunaouita mzuka.

Basi ukipewa panorama uihukumu, tafuta vitu virefu vilivyo karibu: kamba, vyuma vya ukingo, mistari ya vigae, kingo za ngazi, kivuli cha nguzo kinapolala sakafuni. Kifuate kila kimoja kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Kikivunjika, kikinenepa ghafla au kikififia bila sababu, umefika penye mshono. Usiangalie kingine. Kazi hiyo imeshindwa, hata kama machweo yake yanaliza watu.

Mzee aliyenifundisha, fundi wa studio ndogo Mji wa Kale, alikuwa akifunga uzi chini ya lenzi na kuning'iniza nati, timazi kama ya waashi. Chini aliweka sarafu. Kila fremu, nati ilirudi juu ya sarafu ile ile ndipo kidole kibonye, naye alitembeza miguu kandokando kama mtu anayezunguka kisima. "Mwanangu," aliniambia, "kamera isikuzunguke. Wewe uizunguke kamera." Usiku tulisafisha picha zote kwa dawa moja na muda mmoja. Alizikata kwa wembe kwa kufuata mlingoti au kona ya ukuta, hakukata katikati ya maji hata siku moja. Ukingo wa karatasi aliupiga msasa kwa nyuma mpaka ukawa mwembamba kama utando wa kitunguu, ukalala bila kutupa kivuli.

Walaghai nao walikuwepo. Mmoja alibandika ngalawa juu ya kila mshono, na ukizihesabu ngalawa unajua alipiga fremu ngapi. Wa leo wanarudia wingu lile lile mara mbili, au wanaiachia kompyuta ibuni pembe iliyokosekana. Wengine wanaikata ardhi yote. Picha ikianza katikati ya maji, uliza mpigaji alisimama wapi na anaficha nini. Asiyetaka shida ya karibu apande juu, kama Charles Bayliss alivyofanya Sydney mwaka 1875: alipiga kutoka mnarani, vipande 23, karibu mita 10 kwa urefu. Na asiyetaka kuficha, asifiche. David Hockney mwaka 1986 aliunga mamia ya picha za barabara ya Pearblossom, akiwa amekisogelea kila kitu na kukipiga kwa karibu, na kila mshono akauacha wazi. Aibu ni kuficha vibaya.

Yaliyobaki ni mafupi. Fremu ziwe wima. Zipandane theluthi moja. Eksposha ifungwe kabla ya fremu ya kwanza. Anga lenye milia ni la mtu asiyeifunga, au asiyejua kwamba lenzi yake ina pembe za giza. Lenzi ni ya milimita 50. Upeo wa bahari unyooke. Fremu zaidi ya tisa ni woga. Upana ukizidi kimo mara tatu, huo ni utepe. Kingo zilizoliwa hukatwa, hazijazwi.

Studio ile sasa inauza vocha na kava za simu. Sarafu ya mzee ninayo mimi, imelika hadi haisomeki.

Nilipotoka hotelini jioni ile nilishuka hadi bandarini. Jahazi lilikuwa limefungwa pale pale palipopigwa picha. Niliifuata kamba kwa kidole, toka nguzoni hadi majini. Ilikuwa moja.