Contra na Pedi ya Pili

Wengi wanaoandika kuhusu gemu za zamani huandika kuhusu utoto wao. Mimi sina utoto huo wa kuukumbuka. Contra, gemu ya kampuni ya Konami iliyoingia kwenye mashine za nyumbani za Nintendo mwaka 1988, nimekutana nayo nikisoma shahada ya uzamili, nyumbani kwa mjomba Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mashine yenyewe ni nakala isiyo na jina la Nintendo popote. Ina pedi mbili, kaseti moja, na imeunganishwa kwenye TV ya chogo. Kwa hiyo naihukumu kama kazi, si kama kumbukumbu.

Kwa juu juu ni gemu ya kawaida. Askari wawili, Bill na Lance, wanakimbia wakifyatua risasi. Kila mmoja ana roho tatu, risasi moja inatosha kumuua, na hakuna namna ya kuhifadhi ulipofika. Hadithi haina uzito. Mtu akiniambia ni kelele tupu, mpaka hatua ya pili sina cha kumjibu.

Jibu liko hatua ya tatu, kwenye maporomoko ya maji. Hapo skrini inaacha kwenda kulia, inaanza kupanda, na inamfuata aliye juu. Aliyebaki chini anakufa ukingo wa skrini ukimpita, hata kama hakuna adui aliyemgusa. Kinachomuua ni haraka ya mwenzake. Gemu haikuonyi kwa neno hata moja. Unajifunza kwa kumpoteza mtu.

Nilikuwa nacheza na binamu yangu wa miaka 12. Mara ya kwanza alipiga kelele, "Dada, nisubiri!" Mara ya pili hakusema kitu, aliniangalia tu.

Kwihara ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili. Mwaka 1872, Stanley alipoondoka mwezi Machi, Livingstone alibaki hapa mpaka Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Tembe alilokaa sasa ni makumbusho, na safari ile inajulikana kwa jina lake. Lakini bila wabeba mizigo hakwenda popote. Msafara ukimwacha mpagazi, umeacha na mzigo.

Leo Contra inachezwa pia kwenye simu, na wengi huicheza peke yao. Picha ni zilezile, muziki uleule. Ila ukipanda maporomoko yale peke yako hakuna wa kumsubiri wala wa kumwacha, na hatua iliyo bora kuliko zote inageuka kuwa zoezi la kuruka. Wanaohangaika kuzihifadhi gemu hizi wana haki ya kuhangaika, lakini faili peke yake haitoshi. Contra inahitaji pedi ya pili, na mtu wa kuishika.