Ubao Uliojaa

Anayekimbia na mpira katika mchezo wa Kimarekani husifiwa kwa miguu. Mpira unaanzishwa, miili inagongana, mara kijana mmoja anachomoka na mpira kwapani, na uwanja mzima unasimama. Sifa hiyo anaistahili, lakini si yote yake. Umbo la mbio hujengwa pale mbele, katika hatua mbili tatu za kwanza, na watu wazito ambao mtangazaji huwataja kwa nadra. Na hapa Kenya sioni walio tayari zaidi kulisoma umbo hilo kuliko wacheza shax, mchezo wa ubao wa Wasomali, wa Garissa, Wajir na Mandera.

Shax huchorwa mchangani: miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, iliyounganishwa kwa mistari katikati ya pande zake. Nukta zake ni 24. Kila mchezaji ana kete 12, na wawili hao huzipanga moja moja kwa zamu mpaka ubao ujae wote. Wakati wa kupanga hakuna anayeliwa, hata ukipata jare, yaani kete tatu kwenye mstari mmoja. Ubao ukishajaa, hakuna pa kusogea. Ndipo aliyetangulia kupata jare anapoondoa kete moja ya mwenzake, mwenzake naye anaondoa moja, na mchezo unaanza kutembea kupitia nafasi hizo mbili. Mjuzi wa shax hutazama palipoachwa wazi kabla ya kutazama kete iliyokwenda.

Safu ya ulinzi ya mpira wa Kimarekani ni ubao wa namna hiyo. Mianya iliyo kati ya washambulizi wa mbele imepewa herufi, A, B, C, kutoka katikati kwenda nje kila upande, na kila mwanya una mlinzi wake. Ulinzi ukijipanga sawasawa, hakuna tundu. Anayesema mkimbiaji "ameona tundu" anaruka hatua moja: tundu lilitengenezwa, na lilitengenezwa kwa kumwondoa mtu.

Namna ya kumwondoa inategemea walinzi walivyojipanga. Wakiwa wanne mbele na watatu nyuma yao, mara nyingi kila mmoja wa wale wanne huelekezwa kwenye mwanya mmoja na kuuvamia kwa kasi. Kumsukuma mtu wa aina hiyo ana kwa ana ni kupoteza nguvu. Mwache aingie, kisha mshambulizi kutoka upande wa pili apite nyuma ya wenzake na kumpiga ubavuni. Kasi yake mwenyewe imemtoa mahali pake.

Wakiwa watatu mbele na wanne nyuma, mambo hugeuka. Yule wa katikati husimama pua kwa pua na mwanzisha mpira, naye katika mtindo wake wa asili huchunga mianya miwili, kulia na kushoto. Mtu mmoja hamwezi. Basi humshika wawili, wanamsogeza, kisha mmoja wao anamwachia mwenzake na kupanda kwenda kumkabili mlinzi wa mstari wa pili. Kwangu mimi hakuna kitendo kizuri zaidi katika mchezo huu kuliko huko kuachia. Ukiachia mapema, jitu lile linarudi mwanyani. Ukichelewa, aliye nyuma ameshaujaza. Kamera hufuata mpira, na kitendo chenyewe hukatwa ukingoni mwa picha.

Tarehe 4 Novemba 2007, mjini Minneapolis, mkimbiaji Adrian Peterson wa Minnesota Vikings alikutana na safu ya watatu kwa wanne ya San Diego Chargers. Hadi mapumziko alikuwa na yadi 43. Kipindi cha pili akaongeza 253. Jumla 296, rekodi ya mechi moja katika ligi ya NFL, yadi moja juu ya zile 295 za Jamal Lewis mwaka 2003. Mbele yake walikuwa Matt Birk katikati na Steve Hutchinson kushoto kwake, na ningependa majina yao yaandikwe karibu na lake kila rekodi hiyo inapotajwa. Uwanja ule umebomolewa, na mwingine ukajengwa palepale. Ni kituo kimoja tu cha treni kutoka Cedar-Riverside, mtaa wa Wasomali, ambako wengi wana jamaa zao Garissa au walipitia kambi za Dadaab.

Mkenya anayejua raga atauliza mbona asipewe pasi mtu aliye huru. Jibu liko kwenye sheria: katika raga, kumzuia mlinzi asiye na mpira ni kosa, lakini katika mchezo wa Kimarekani hiyo ndiyo kazi yenyewe. Daniel Adongo, Mkenya wa kwanza kucheza NFL, alitoka raga akaingia Indianapolis Colts mwaka 2013, akawekwa ukingoni mwa safu ya watatu kwa wanne. Aliyesimama pale mara nyingi hutakiwa kwanza kuushikilia ukingo ili mkimbiaji arudishwe ndani kwenye watu. Kuufukuza mpira huja baadaye. Kwa mtu wa raga hilo ni kujifunza upya mwili wake.

Shax hainifikishi mwisho, kwa sababu kete husogea kwa zamu na wanaume hawa husogea wote kwa pamoja. Tena kuna safu ngumu zaidi, ile ambayo Buddy Ryan, kocha wa ulinzi, aliitumia na Chicago Bears kutwaa ubingwa wa msimu wa 1985: walinzi watatu husimama mbele ya washambulizi watatu wa kati, mmoja kwa mmoja. Hakuna anayebaki huru kupanda mstari wa pili. Mojawapo ya majibu ni kumwacha mlinzi mmoja wa pembeni bila kumgusa kabisa. Mwenye kuugawa mpira anamtazama yeye peke yake: akimkimbilia mkimbiaji, mgawaji anaubakiza mpira na kukimbia mwenyewe, akibaki nje, mkimbiaji anapewa. Hajasukumwa na yeyote, na bado ametolewa kwenye hesabu, kwa uamuzi wake mwenyewe.