Mandhari Isiyo Pambo: Juu ya Kazi ya Alfred Sisley

Katika orodha za wachoraji wa Ufaransa walioitwa Waimpreshonisti, jina la Alfred Sisley aghalabu hutajwa mwishoni, baada ya Monet, Renoir na Pissarro, tena hutajwa kwa sauti ya huruma. Husemwa kwamba alikuwa mpole, alikuwa maskini, na alichora mito. Nyuma ya huruma hiyo zimejificha shutuma mbili. Ya kwanza ni kwamba hakukua: mbinu aliyoifikia kabla ya kutimiza miaka 40 ndiyo aliyokufa nayo. Ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba aliitazama nchi akawasahau watu wake. Makala haya yanashughulika hasa na shutuma hiyo ya pili, kwa sababu kipimo kilichotumiwa kumhukumu Sisley ndicho kile kile tulichokizoea sisi wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kila tunapoandika juu ya mandhari.

Neno hili katika mazungumzo ya kawaida lina maana ya sura ya mahali jinsi inavyoonekana kwa macho. Tumelichukua tukalifanya istilahi ya uhakiki, na katika safari hiyo limepungukiwa. Mwanafunzi akiulizwa juu ya mandhari ya riwaya hutaja mji, enzi, na pengine tabaka, kisha hukimbilia maudhui. Mandhari imekuwa ukumbi ambamo mambo hutokea, na ukumbi wenyewe hautazamwi. Pale inapopewa uzito, hupewa kwa kugeuzwa fumbo. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) nchi nzima imewekwa angani, lakini msomaji hatarajiwi kuuliza mawingu ya huko yana rangi gani. Wala haimpasi kuuliza, kwani anga lile ni hila ya mwandishi ya kuyasema mambo ya nchi kavu. Sisley hutulazimisha kuuliza juu ya rangi ya mawingu, na kulikubali swali hilo kuwa la uhakiki kamili.

Maisha yake yaweza kuelezwa kwa ufupi. Alizaliwa Paris tarehe 30 Oktoba 1839, wazazi wake wakiwa Waingereza na baba yake mfanyabiashara. Mwaka 1857 alipelekwa London kujifunza biashara, lakini aliporudi moyo wake ulikuwa kwingine, na mwaka 1862 aliingia katika karakana ya mchoraji Gleyre, alikokutana na Monet, Renoir na Bazille. Maadamu baba alikuwa na mali, uchoraji haukuwa na tabu. Vita vya 1870 baina ya Ufaransa na Prussia viliivunja biashara ile, na tangu hapo Sisley aliishi kwa kuuza picha, au tuseme kwa kujaribu kuziuza. Alishiriki maonyesho ya kikundi chao mwaka 1874, 1876, 1877 na 1882. Alihamahama katika vijiji vya magharibi ya Paris, yaani Louveciennes, Marly-le-Roi na Sèvres, kisha akaelekea kusini-mashariki, pande za Moret penye mto Loing, na huko akabaki hadi mwisho.

Mwaka 1876 mto Seine ulifurika katika kijiji cha Port-Marly, karibu na alipokuwa akiishi, naye akachora picha kadhaa za mafuriko hayo. Iliyo mashuhuri zaidi inaonyesha duka la muuza mvinyo lililozungukwa na maji. Nyumba imesimama imara upande wa kushoto, kuta zake zikiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa manjano kidogo. Upande wa kulia miti imeota, kana kwamba, katikati ya ziwa. Watu wachache wamo mashuani karibu na mlango. Sehemu kubwa iliyosalia ni anga na maji, na maji yenyewe yamejaa anga.

Mtu aliyezoea jinsi gharika ilivyochorwa na wakuu wa kale atashangaa. Katika picha ya Poussin ya karne ya 17 iliyoko Louvre, radi inapiga, nyoka anapanda mwambani, mashua inapinduka, na mtoto mchanga anainuliwa kwa mikono apate kuokolewa. Kwa Sisley hakuna anayelia wala anayezama. Je, msanii huyu hakuyaona maafa ya wanakijiji? Mhakiki anayetafuta dhamira peke yake atajibu haraka kwamba hakuyaona, au kwamba aliyaona akayafunika kwa uzuri wa rangi.

Jibu hilo haliridhishi. Sisley alikwisha kuyachora mafuriko ya mahali hapo hapo mwaka 1872. Kwake, na kwa wenye mashua wale, maji kupanda lilikuwa jambo linalojulikana, lenye hasara zake na kazi zake. Mgeni huona msiba. Jirani huangalia maji yamefika ngazi ya ngapi. Picha imetazamwa kwa jicho la jirani. Watu ni wadogo kwa sababu maji ni mengi, lakini hawakuwekwa pale kuijaza nafasi: wanafanya kile ambacho mwenye nyumba iliyozingirwa na maji hana budi kukifanya. Utulivu huo wa msanii nauona kuwa ni heshima. Kuwatia machozi watu asiowaona wakilia kungekuwa kuwatumia.

Katika barua aliyomwandikia mhakiki Adolphe Tavernier mwaka 1892, Sisley alieleza kwamba anga haliwezi kuwa kitambaa cha nyuma tu. Ndilo linaloipa picha kina na mwendo, na yeye huanza kuchora kwa anga siku zote. Alisema pia kwamba katika picha moja vitu mbalimbali vyapaswa kutendewa kwa namna mbalimbali. Maneno hayo yanaonekana wazi katika picha ya Port-Marly: mawingu yametiwa kwa rangi iliyokolea na mipigo iliyozunguka, maji kwa mipigo mirefu ya ulalo, na ukuta wa duka kwa rangi tulivu iliyotandazwa. Kinachoviunganisha ni mwanga mmoja unaotoka juu. Kwa hiyo nyumba, watu na miti havikuwekwa mbele ya mandhari; vimetokana nayo.

Yupo atakayesema kwamba Pissarro, rafiki yake, aliwachora wakulima wakiwa kazini, na kwamba kulinganisha tu kunatosha kumtia Sisley hatiani. Ni kweli Pissarro anamzidi kwa upande huo. Lakini anayedai kwamba Sisley hakuiona kazi hajaitazama picha ya mafungu ya mchanga huko Port-Marly ya mwaka 1875, iliyoko Chicago, ambamo wanaume walio mashuani wanachota mchanga kutoka chini ya mto na kuulundika ukingoni. Mwaka huo huo alichora pia karakana ya mhunzi wa Marly-le-Roi, ndani kabisa, mahali ambapo anga halifiki.

Shutuma ya kwanza, ile ya kutokua, ina ukweli ndani yake. Baada ya 1880 rangi zake nyingi huwa nzito kuliko inavyohitajika, na mipigo ya brashi hujaa pale ambapo zamani palipumua. Katika miaka ya 1893 na 1894 alilichora kanisa la Moret zaidi ya mara kumi, wakati Monet alipokuwa akishughulika na lile la Rouen. Kwa Monet jiwe linayeyuka likawa mwanga. Kwa Sisley kanisa linabaki kanisa, na baadhi ya picha hizo zinachosha. Walakini zilizo bora zina uaminifu wa mjenzi anayejua uzito wa ukuta.

Soko halikumwonea huruma. Maonyesho makubwa ya kazi zake yaliyofanyika mwaka 1897 kwa Georges Petit, yenye picha karibu 150, hayakuleta mnunuzi. Picha ya mafuriko, ambayo awali ilikuwa imeuzwa kwa faranga 180, ilinunuliwa mwaka 1900 na Isaac de Camondo kwa faranga 43,000. Sisley alikuwa amefariki tarehe 29 Januari 1899 kwa saratani ya koo, miezi michache baada ya mkewe. Uraia wa Ufaransa alikuwa ameuomba bila kuupata. Aliyevichora vijiji vya nchi hiyo karibu maisha yake yote alikufa akiwa raia wa Uingereza.

Majira ya kiangazi ya 1897 aliyapitisha Wales, na huko, mbele ya bahari, alichora mwamba mmoja wa pwani ya Langland zaidi ya mara moja. Hakuna mto hapo, wala kijiji, wala mti. Mawimbi yanaupiga mwamba, na rangi ya jiwe hubadilika kwa kadiri ya saa na maji. Aliyezichora alikuwa mtu wa miaka 57, na picha hizo hazifanani na chochote alichokuwa amekichora kabla.