Stadi za Mawasiliano kwa Wahandisi: Tunafundisha Nini?

Mara nyingi somo hili huishia kwenye tai, tabasamu na barua ya kuomba kazi. Huo ni upungufu mkubwa. Mwaka 2003, chombo cha Marekani, Columbia, kikiwa bado angani, wahandisi waliandaa slaidi kuhusu kipande cha povu kilichogonga bawa lake. Kichwa cha slaidi kilituliza wasomaji. Habari nzito, kwamba kipande hicho kilikadiriwa kuwa kikubwa mara 640 kuliko kilichotumika katika majaribio, ilijificha mstari wa mwisho! Tarehe 1 Februari wanaanga wote saba walifariki chombo kikirejea. Walimu wenzangu, wapeni wanafunzi slaidi ya namna hiyo waiandike upya kwa sentensi moja ya Kiswahili, yenye mtenda na kitenzi.