Prosesa Iling'olewa Ikiwa Hai

Hapakuwa na sababu ya kugusa prosesa. Hilo lisemwe mapema, maana waliotazama ile video iliyozunguka kwenye simu za mafundi kuanzia Kasulu hadi Kibondo wamekesha wakibishania RAM, pawa saplai, hata umeme wa TANESCO, huku kosa lenyewe wakilipita. Mashine mpya ilikuwa mezani, feni zinazunguka, skrini inaandika "No Signal". Baada ya muda mfupi fundi alikuwa ameinua hitisinki juu, na prosesa imeng'ang'ania chini yake kama kupe.

Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi nzuri: plagi ya pini 8 ya prosesa ilikuwa mahali pake, RAM mbili zilikaa tundu la pili na la nne, na monita ilijaribiwa kwa laptop ikaonyesha picha.

Turudi kwenye ule uamuzi wa kugusa prosesa. Mteja, aliyetoka Kibondo kufuata mashine yake, anasikika akisema, "Fundi, mbona kuna taa inawaka hapo pembeni?" Fundi anajibu bila kugeuka: "Hiyo ndiyo inaonyesha imekufa, kaka." Taa hiyo haikuwa ya kifo. Mazabodi za aina ile zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, na mashine ikiwaka huzipitia moja baada ya nyingine kwa mpangilio huo. Ikikwama kwenye DRAM, tatizo litafutwe kwenye RAM. Ikikwama kwenye VGA, kadi ya picha ndiyo ya kuangaliwa. Hii ilizipita tatu za kwanza ikatulia kwenye BOOT. Maana yake prosesa imejibu, RAM imejibu, kadi ya picha imejibu, na sasa mashine inatafuta Windows, ambayo kwa kweli ilikuwa haijawekwa.

Kama taa hiyo haikumtosha, kulikuwa na kibodi. Tazameni tena video: Num Lock inawaka muda wote. Angebonyeza Caps Lock mara mbili tu. Taa yake ingewaka na kuzimika, naye angejua kwamba anashughulika na mashine nzima ambayo picha yake haifiki kwenye skrini. Kipimo hicho hakihitaji bisibisi wala shilingi.

Badala yake alizima umeme, akafungua skrubu nne za hitisinki na kuivuta juu kwa nguvu. Hapa ndipo safu hii inaposhindwa kuvumilia. Prosesa ile ni Ryzen 5 5600, ya soketi ya AM4, na pini zake 1,331 ziko tumboni mwa prosesa yenyewe. Kitasa cha soketi huzibana pini pembeni tu. Hakuna bamba la chuma linaloishikilia prosesa kutoka juu. Pesti iliyo kati ya prosesa na hitisinki ikishapoa hugeuka gundi, na asubuhi za Kasulu, mji ulio juu milimani, si za joto la Dar es Salaam. Anayejua kazi huiacha mashine iwake kidogo ipate joto, huizima, kisha huizungusha hitisinki kushoto na kulia mpaka pesti iachie, ndipo huinua. Huyu alivuta wima, na prosesa ikatoka soketini huku kitasa kimefungwa. Kamera iliposogea karibu, pini kadhaa za pembeni zilionekana zimelala.

Mashine iliyokuja na tatizo la kebo ikawa imepata la pini.

Ndiyo, la kebo. Kebo ya HDMI ilichomekwa kwenye tundu la mazabodi, juu kabisa, jirani na matundu ya USB. Fundi aliibadilisha, akaweka nyingine, na zote mbili alizichomeka tundu lile lile. Ryzen 5 5600 haina sehemu ya kutoa picha. Iliyo nayo ni 5600G. Upande wa Intel, herufi F mwishoni mwa jina huonya kwamba sehemu hiyo haipo. Picha ilikuwa inatoka chini, kwenye kadi ya GTX 1650 iliyolala mlalo, na tundu lake halikuguswa hata mara moja. Lawama kidogo ziwafikie watengenezaji pia, wanaouza mazabodi yenye tundu la HDMI ambalo kwa prosesa nyingi zinazoingia humo ni pambo tu. Na wauzaji wanaokata herufi kwenye risiti, wakaandika "Ryzen 5" basi, wana sehemu yao.

Mafundi redio wa zamani wasingefanya hivi. Waliofungua redio za National enzi za betri walianza kwenye spika wakarudi nyuma hatua kwa hatua, wakitafuta sauti inapopotelea, na hawakung'oa transista kabla ya kujua. Hata waliowafuata kwenye kompyuta walikuwa na masikio. Tangu IBM PC ya 1981, mashine nzima hulia mlio mmoja mfupi inapowaka; kwenye BIOS za Award, mmoja mrefu na miwili mifupi ilikuwa kesi ya kadi ya picha. Siku hizi kispika cha kutoa milio hiyo hakimo kwenye makasha mengi, na vijana wanafundishwa kazi na video za YouTube zilizojaa taa za rangi.

Ugonjwa wa kuhukumu mashine nzima una historia ndefu nchini. Kompyuta ya kwanza iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mfumo wa hesabu ulipovurugika, mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Ilichukua miaka mingi kabla mlango haujafunguliwa tena.

Kuhusu hoja ya umeme, iachwe. Ingekuwa na uzito enzi ambazo Kasulu na Kibondo ziliishi kwa jenereta za dizeli. Na umeme mbovu hauhamishi kebo kutoka tundu moja kwenda jingine.

Kilichobaki ni kazi ya subira. Pini zilizolala hunyooshwa kwa ncha ya chuma ya penseli ya kubonyeza, ile yenye tundu jembamba, au kwa ukingo wa kadi ya benki unaopitishwa taratibu katikati ya mistari, chini ya mwanga mkali. Prosesa irudi soketini kwa uzito wake yenyewe, bila kusukumwa. Pini ikikatika, hapo itabidi kuagiza prosesa nyingine kwa basi. Gharama ya vyote hivyo ni ya fundi. Mteja alinunua prosesa ikiwa nzima, na taa ya BOOT ni shahidi wake.